Seti ya roketi ya maji: chupa nzuri, pampu nzuri, pua nyepesi mno

Nimekaa na hii seti wiki tatu ndio naandika sahii, maana nilitaka niseme kitu nimekiona kwa macho yangu, si kufungua boksi tu na kupiga picha. Nilinunua hapa mjini kwa duka la vitu vya shule, shilingi 2,600. Ndani mna chupa moja ya plastiki ngumu, mapezi manne ya kuvalisha, pua ya plastiki nyembamba kama ganda la yai, kizibo chenye valvu, stendi ya miguu mitatu na pampu ya mkono yenye geji. Watia maji theluthi ya chupa, wapampu, ukivuta kamba kizibo chaachia, maji yatoka nyuma kwa nguvu na chupa yaruka juu. Hakuna baruti wala moto, na hilo ndilo lililonifanya nitoe pesa.

Mara ya kwanza tulienda nayo Nyali asubuhi maji yametoa, mchanga mtupu. Kijana wangu (yuko gredi 7) kapampu mpaka geji ikafika 40, kavuta kamba, ikapanda vizuri mpaka usawa wa mnazi mrefu, alafu maji yalipokwisha tu ikapinduka, pua chini mkia juu, ikawa yazunguka hewani kama kijiti kilichotupwa na kuanguka karibu na miguu yetu. Tukarudia mara sita, maji mengi, maji kidogo, mambo ni yale yale. Akaniuliza, "Mama, imeharibika?"

Haikuharibika, ilitengenezwa hivo. Na hapa ndipo nina neno na waliotengeneza, kwa sababu karatasi ya maelezo ina michoro kumi na moja ya jinsi ya kupampu na hakuna hata mstari mmoja kuhusu uzito ukae wapi, na hio ndio roho ya kitu chochote kinachoruka. Kuna sehemu mbili za kujua. Ya kwanza ni pale ukiilaza juu ya kidole yatulia, haiinami mbele wala nyuma. Ya pili ni pale upepo unapokusanya nguvu zake ukiipiga ubavuni. Ile ya uzito lazima itangulie, ile ya upepo ibaki nyuma, hapo roketi ikienda upande kidogo upepo wasukuma mkia na pua yarudi njiani. Zikikaa pamoja, upepo haurudishi pua tena, na ile ya upepo ikitangulia, basi upepo ule ule ndio unaoipindua. Mzee wa Kaloleni anayechonga mishale hahitaji kuambiwa haya, kigumba cha chuma mbele, manyoya nyuma. Wanaorusha roketi za mfano wana kipimo chao, uzito utangulie kwa angalau upana mmoja wa mwili wa roketi. Yetu ina upana wa sentimita 9. Tulichora umbo lake kwenye katoni, tukalikata na kulilaza juu ya rula mpaka likatulia, hapo ndipo unapata makisio ya ile sehemu ya upepo. Tofauti ilikuwa sentimita 2 tu!

Na msidhani ni mambo ya watoto. Majeshi yametumia akili nyingi sana kwa swali hili hili. Roketi za Congreve za Waingereza miaka ya 1800 mwanzoni zilifungwa ufito mrefu nyuma, kama zile fataki za kijiti tunazoziona Diwali, mpaka William Hale mwaka 1844 akatoa roketi isiyo na ufito, inayojizungusha yenyewe ndio inyooke. Wajerumani nao, Vita vya Pili vya Dunia, pale Peenemünde, kituo chao cha kujaribia makombora, walikuwa na chumba cha kupuliza upepo chenye mdomo wa sentimita 40 kwa 40, hewa yapita kwa kasi zaidi ya mara 4 ya sauti, wakaweka mifano midogo ya kombora la V-2 ndani kuangalia mapezi yakaeje. Shida yao ilikuwa kubwa kuliko yetu, maana kombora likiivuka kasi ya sauti ile sehemu ya upepo yahama, na mafuta yakiungua uzito nao wahama, na kitu chenyewe ni tani 12 na zaidi, urefu mita 14. Liliruka sawasawa mara ya kwanza Oktoba 3, 1942. Kuanzia Septemba 1944 likawa laangukia London, baadaye Antwerp, maelfu wakafa, na wafungwa wengi walikufa kwa kulitengeneza. Nilimweleza kijana hili pia, sikumficha, maana ni elimu ile ile.

Lakini nilimwambia na ya Ngomeni, huko mbele ya Malindi, ambako Desemba 12, 1970 roketi ya Scout ilipaa kutoka jukwaa la San Marco baharini na setilaiti wakaiita Uhuru. Mapezi yalikuwa chini kabisa, na ile hatua ya mwisho ya juu ilizungushwa kama pia isiyumbe. Kijana alinyamaza kidogo, akasema, "Hapa hapa kwetu?"

Sasa dawa. Tulitia udongo wa kuchezea ndani ya pua, gramu 40, tumepima kwa mizani ya jirani muuza viungo. Alafu tukaifunga uzi pale inapotulia, bila maji, nikaizungusha juu ya kichwa kama kombeo. Kabla ya udongo ilikwenda ubavu ubavu. Baada ya udongo pua ilishika mbele na haikuachia. Jumamosi iliyofuata presha ile ile 40, ikapanda imenyooka mpaka ikawa nukta, watoto wa watu waliokuwa wanaogelea wote wakatoka majini.

Mapezi msiongeze. Tulijaribu makubwa ya kukata kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia, na huu upepo wa kusi ikawa yaugeukia upepo mara tu ikitoka kwa stendi, yaenda baharini badala ya juu.

Pampu ni imara, geji yasoma vizuri, stendi haitikisiki. Mpira wa kizibo ulianza kuvuja wiki ya pili, fundi wa baiskeli kanipa mwengine kwa shilingi 30. Duka nililorudi kuuliza waliniambia kitu kikishafunguliwa hakirudi, sawa, lakini yule dada alikuwa na heshima na alinisikiliza. Nyota tatu na nusu, ingekuwa tano kama wangeweka ule udongo wa shilingi 80 ndani ya boksi. Na mkishaitia uzito jueni yashuka pua mbele kwa kasi, haina parachuti, kwa hivo bandikeni sponji nene pale mbele na watoto wakae mbali, sisi twasimama hatua thelathini.