TAHADHARI: Eskaveta za mtumba zinazofanya kazi zikiwa baridi, zikipata moto zinakata mawasiliano

Wakuu, kama uko mbioni kununua eskaveta (mashine ya kuchimba) iliyotumika pale Dar, hasa hizi Komatsu PC200-8 zinazotangazwa kwa video fupi za WhatsApp, soma hapa kabla hujatuma hata shilingi ya kushikia. Nimepigwa. Jina la yadi silitaji kwa sababu shauri liko polisi na wakili amenizuia, lakini mbinu yao nataka muijue yote.

Mwezi wa tatu nilikwenda yadini na opereta wangu. Mashine tuliikuta imeoshwa na kupigwa rangi. Ikawashwa mbele yetu, ikazunguka, ikainua bumu (mkono wake mkubwa), ikachimba mara tatu, ikazimwa. Dakika kumi hazikufika. Kwenye monita hakuna taa wala kodi (namba ya hitilafu), na historia ya hitilafu ilikuwa tupu kabisa. Nami nikafurahi! Mashine yenye saa zaidi ya elfu tisa, halafu kumbukumbu yake haina hitilafu hata moja tangu itoke kiwandani? Kuna mtu amefuta. Sikulifikiria hilo siku ile. Nililipa milioni 128, nikasaini karatasi iliyoandikwa "imeuzwa kama ilivyo", lobedi (trela la kubebea mitambo) ikaibeba hadi Chunya, zaidi ya kilomita 850.

Siku ya kwanza saiti ilichapa kazi kama dakika arobaini. Ilipopata moto, monita ikaanza kulia, kodi zikaja tatu kwa mpigo, zote za kupotea kwa mawasiliano: monita haiisikii kontrola (kompyuta ndogo) ya injini, kontrola ya pampu nayo haiisikii, kila moja inamlaumu mwenzake. Injini ikashuka nguvu, mkono ukawa mzito, baketi iko juu na vijana wako shimoni. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Tukaiacha ipoe, ikawaka kama haijawahi kuumwa.

Nikampigia muuzaji. Hakubisha hata kidogo, na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. "Kaka, hiyo ni kontrola ya pampu, ndio ugonjwa wao. Nakuletea fundi wangu." Fundi akaja na kompyuta, akachomeka, akasoma dakika mbili, akasema kontrola imekufa, mpya ni milioni saba na nusu, na zipo kwa bosi wake. Nikalipa. Iliyoletwa ilikuwa na kutu kwenye pini na makovu ya bisibisi kwenye skrubu. Mashine ikaenda siku mbili, tatizo likarudi vilevile. Sasa akasema iliyokufa ni ya injini, niandae milioni tisa.

Nikakataa, nikamtafuta fundi umeme wa mitambo kutoka Mbeya. Huyu kompyuta hakuitoa kwenye begi. Alisikiliza, akauliza kodi zilikuja ngapi na kwa wakati gani, kisha akaniambia: kontrola zote zikilalamika kwa pamoja, usiamini kwamba zote zimekufa siku moja, anza na nyaya zinazoongelea, umeme unaozilisha, na ethi (waya unaofungwa kwenye bodi ya mashine).

Kontrola za mashine hizi zinazungumza kupitia laini ya CAN, yaani nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Kila mwisho wa laini kuna rezista (kifaa cha kuzuia umeme) ya omu 120. Ukizima mashine, ukatoa waya wa betri, ukaweka mita ya kupimia umeme kati ya nyaya hizo mbili, zile rezista mbili zinasomeka kwa pamoja omu 60. Ukisoma 120, upande mmoja wa laini umekatika au rezista moja haipo. Ukisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana mahali. Kwenye mashine nyingi zenye plagi ya duara ya pini 9 unapimia pini C na D. Nyingine unatafuta nyaya kwenye kontrola yenyewe.

Yangu ilisoma 60. Nikadhani tumekwama. Akanipa mita niishike, akaanza kutikisa nyaya kipande kwa kipande kutoka kwenye kebini kwenda injini. Alipofika nyuma ya injini, namba ikaruka 120, ikarudi 60, ikaruka tena. Tukapasua bomba la plastiki linalozifunika. Ndani, karibu urefu wa mkono, nyaya za asili zilikuwa zimeungua. Mahali pake pamewekwa waya wa taa za nyumbani, nyuzi mbili zimenyooka bila kusokotwa, zimeungwa kwa vidole bila risasi ya kulehemu, zikazungushiwa tepu. Joto likipanda na mtetemo ukiendelea, kiungo kinaachia. Aliyefanya kazi ile alichukua bomba jipya, akalipaka vumbi na mafuta machafu ili lifanane na mengine. Hiyo si bahati mbaya.

Kubadilisha kipande kile kulinigharimu 180,000 pamoja na ufundi. Halafu tukairudishia kontrola yangu ya pampu, ileile "iliyokufa". Huu ni mwezi wa pili tangu tuitengeneze, inafanya kazi kutwa.

Kwa hiyo ukienda kukagua, usikubali mashine ionyeshwe dakika kumi. Ichimbe kazi nzito saa moja na nusu, ipate moto kweli, wewe ukitazama monita. Nenda na mita, hata ya elfu ishirini na tano inatosha, na ukipima omu hakikisha betri imetolewa, la sivyo namba itakudanganya. Tikisa nyaya huku unasoma. Kisha rudisha betri, na swichi ikiwa imewashwa pima volti za kila waya wa CAN dhidi ya ethi: mmoja uwe juu kidogo ya volti 2.5, mwingine chini kidogo. Ukiona sifuri, au 24 za betri, kuna balaa. Angalia pia tepu mpya juu ya nyaya za zamani, na uliza kama bumu limewahi kuchomelewa, maana wachomeleaji wengi hawatoi betri na umeme wa kuchomelea unaua kontrola kweli. Na fundi asiwe wa muuzaji, hata akija bure.

Muuzaji akikukatalia kupima, ondoka hapo hapo.

Juzi nimetumiwa video ya PC200-8 nyingine kutoka yadi hiyohiyo. Imeoshwa, inainua bumu, inachimba mara tatu, inazimwa. Kama ni wewe unayeongea nao bei, niandikie leo kabla hujalipa, nikutumie picha za nyaya nilizozikuta kwenye yangu.