Busu moja, tafsiri mbili

Wimbo Ulio Bora 1:2 unaanza na mwanamke anayetamani busu la mpenzi wake, ambaye mapenzi yake ni bora kuliko divai. Peshita, tafsiri ya Kisiria (tawi la Kiaramu), inaliacha busu liwe busu na divai iwe divai.

Targumi, tafsiri ya Kiyahudi kwa Kiaramu, ni safari nyingine kabisa. Hapo Mungu anasema na Israeli uso kwa uso akiwapa Torati, kama mtu ambusuye rafiki yake, kwa kuwa amewapenda kuliko mataifa 70. Sabini zimetoka wapi? Kwenye divai! Kwa Kiebrania kila herufi ni namba pia, na herufi za neno hilo, *yayin*, zina thamani ya 10, 10 na 50.

Anayetaka kuusikia ushairi wenyewe, ashike Peshita. Mimi hunivuta Targumi: mfasiri wake aliihesabu hata herufi.