Intaneti ya dishi kutoka mnarani: uzoefu wangu baada ya miezi 14

Nimekaa kimya miezi 14 kwa makusudi, kwa sababu wiki ya kwanza kila huduma ni nzuri. Sasa naweza kusema.

Kijiji chetu ni kidogo, nyumba zimetawanyika, na kabla ya huduma hii tulitegemea bando la simu. Unatafuta pembe ya nyumba yenye mtandao, unaegemeza simu dirishani, huigusi tena. Binti yangu alikuwa akiacha kazi zake za chuo zijitume usiku, kisha anaamka saa tisa kuangalia kama zimefika. Iliniuma sana kumwona hivyo. Nilijaribu pia setilaiti ya aina ya zamani, ile inayokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupakua kulikwenda, lakini kuongea kwa video kulikuwa mateso: safari ya ishara kwenda na kurudi inakula zaidi ya nusu sekunde, mnaanza kusema pamoja, mnanyamaza pamoja.

Huduma hii ya sasa inafanya kazi hivi: faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo, inaishia mjini, kutoka pale mawimbi yanarushwa hadi mnara wa kilimani, na mnara unaigawia kila nyumba inayouona. Hapo kwenye kuuona ndipo penye kazi. Siku ya kufungiwa, fundi alikuwa juu ya paa na mimi chini nimeshika simu yake, namsomea namba: hasi 79, hasi 71, hasi 63. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ishara inavyokuwa na nguvu. Kutoka 71 hadi 63 alisogeza dishi kama upana wa kidole tu.

Mvua zilipoanza, namba ikaporomoka hadi hasi 76. Kati yetu na kilima kuna mti mkubwa, ulikuwa umechipua upya, na majani mabichi yana maji yanayomeza mawimbi. Mimi nilibisha kwamba mnara bado unaonekana kupitia matawi. Fundi akanieleza kuwa kuchungulia hakutoshi, mawimbi yanahitaji nafasi pande zote za ule mstari unaonyooka kutoka dishi hadi mnara. Tukainua nguzo mita 2, mti ukabaki salama, ishara ikarudi.

Sasa lalamiko langu kubwa. Nililipia megabiti 50 kwa sekunde. Asubuhi napata 47, sina neno. Saa mbili usiku, watoto wamerudi na kila nyumba iko mtandaoni, napata 4. Nikipiga simu naambiwa rauta yangu ina shida. Nikachomeka kompyuta kwa kebo, nikapima mara tatu kwa siku kwa wiki mbili na kuandika kwenye daftari. Majirani watano wakafanya vilevile kwao. Tulipoyaweka madaftari pamoja, sote tulikuwa tunashuka saa ileile. Rauta sita haziwezi kuugua kwa pamoja. Kilichokuwa kimejaa ni kiungo kimoja kati ya mji na kilima, kile tunachogawana wote. Tulipeleka madaftari, na baada ya mwezi na ushei wakaongeza uwezo wa kiungo hicho. Sasa usiku napata kati ya 28 na 33.

Kwa hiyo anayetaka kujiunga asiulize kasi ya kifurushi peke yake. Aulize kinachofika mnarani ni kiasi gani, na nyumba ngapi zinakigawana. Mimi sikuuliza, na nilipoteza miezi minne.

Umeme wa mnara ni sola na betri. Mawingu yakikaa siku tatu mfululizo, alfajiri mtandao unazimika. Imetokea mara mbili.

Familia moja iko nyuma ya kilima, mnara hawauoni kabisa. Wao wanatumia setilaiti za chini, zinazozunguka kwenye kilomita 550 hivi, na kwa sababu ya ukaribu huo video zao hazichelewi kama zile nilizoteseka nazo. Kwa nyumba iliyojitenga kama yao ningechagua hiyo hiyo. Ila moyo wangu uko kwenye faiba. Huko Lancashire, Uingereza, wanavijiji walianzisha mtandao wao wa faiba uitwao B4RN mwaka 2011, wakachimba mitaro wenyewe kupita mashambani mwao, na nyumba zao zinapata gigabiti 1 kwa sekunde, kupakua na kupakia sawasawa. Nimewaonyesha majirani, na wawili wamekwisha kusema mtaro upite kwao.

Natoa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya kupakia: bado ni megabiti 5, na binti yangu akituma video ya somo lake, sisi wengine tunaweka simu pembeni mpaka amalize.