Uzoefu wangu na habu ya gia mbili kwenye baiskeli ya tairi moja: usiifungue habu kabla hujakagua vya nje

Nimekaa na hii baiskeli miezi 18 sasa, tairi moja, inchi 29, habu (kitovu cha tairi) ya gia mbili katikati, na nusu ya kwanza ya hiyo miezi kwa kweli niliteseka, nikaamini nimeuziwa kitu kibovu, kumbe karibu kila tatizo lilikuwa nje ya habu, kwenye ufungaji. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo amekaa chini na baiskeli yake imepinduliwa anawaza kuifungua habu yenyewe. Subiri kwanza, soma.

Kwa ambao hamjaiona: baiskeli ya tairi moja ya kawaida haina cheni wala friwili (ile inayoacha tairi lizunguke mguu ukiwa umetulia), krenki, yaani mikono inayobeba pedali, zimefungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya tairi, mguu ukizunguka mara moja na tairi linazunguka mara moja, basi. Ndio maana ukitaka mwendo unatafuta tairi kubwa, hadi inchi 36. Habu ya gia inaleta njia nyingine. Ndani yake kuna gia ndogo zinazozunguka kulizunguka gia la katikati, na kuna gia ya chini ambayo ni moja kwa moja kama kawaida, halafu kuna ya juu ambayo mguu ukizunguka mara moja tairi linakwenda kama mara moja na nusu. Kwa tairi langu mzunguko mmoja ni kama mita 2.3, kwenye gia ya juu inakuwa karibu mita 3.5. Nikipiga mizunguko 80 kwa dakika natoka kilomita 11 kwa saa naenda karibu 17 na miguu iko vilevile, haikimbii zaidi. Ukiwa umezoea kupigapiga miguu kama cherehani kwenye barabara iliyonyooka, siku ya kwanza ukipata hiyo gia unaelewa kwa nini watu wanaipenda.

Kubadili ni kwa kisigino au kifundo cha mguu, kwenye ncha za ekseli katikati ya krenki kuna vitufe, cha upande mmoja kinapandisha, cha upande wa pili kinashusha. Unakigusa huku unaendelea kukanyaga. Inachukua wiki kadhaa kuzoea, na vaa helmeti na vikinga vya viganja na magoti, hilo sibishani na mtu.

Sasa matatizo. La kwanza lilinitisha kuliko yote. Nilikuwa kwenye gia ya juu napanda kilima kidogo, nakanyaga kwa nguvu, ghafla mguu unazama kama ngazi imekosekana, nikajikuta chini. Nikarudia kesho yake, hivyohivyo. Gia ya chini hakuna shida yoyote, hata nikisimama juu ya pedali. Nikasema meno ya gia yamekatika, kwisha habari.

Lakini hebu fikiria jinsi inavyofanya kazi. Kwenye gia ya chini kila kitu ndani ya habu kinazunguka kama kipande kimoja, fremu haibebi chochote zaidi ya uzito wako. Kwenye gia ya juu lazima kuna kitu kimoja ndani kizuiwe kisizunguke, la sivyo gia hazina pa kujisukumia, na kinachokizuia ni fremu. Kama theluthi ya nguvu unayoweka kwenye pedali inaishia kwenye fremu, unaihisi hata kwenye siti, inasukumwa mbele kidogo ukikanyaga kwa nguvu. Kwangu kazi hiyo inafanywa na beringi iliyo upande mmoja wa habu, ambayo ganda lake la nje lina vimeno vidogo vidogo vya kung'ang'ania, na vishikizo vya chini ya fremu ndivyo vinavyolibana. Ikilegea pale, habu nzima inajizungusha ndani ya fremu na mguu unazama.

Na kwa nini ilikuwa imelegea? Kwa sababu niliifunga mwenyewe kwa mazoea ya baiskeli ya kawaida! Kwenye ya kawaida unafundishwa usikaze sana bolti za vishikizo, ukikaza sana beringi inabanwa na tairi linakuwa zito, unakaza kwa vidole viwili tu. Hapa ule upande wenye vimeno unatakiwa ukae imara kabisa. Mimi nilikaza kote sawa, kwa upole, nikajiona nimefanya vizuri.

Nilivyohakikisha: nikachukua kalamu ya wino usiofutika nikachora mstari mmoja unaopita juu ya fremu na juu ya ganda la beringi, nikaenda kuendesha dakika 10 kwenye gia ya juu. Niliporudi mistari ilikuwa imeachana karibu nusu sentimita. Nikafungua, nikafuta grisi yote pale inapokaa beringi, pawe pakavu kabisa, nikakaza bolti kwa zamu, kidogo huku kidogo kule, mpaka kiwango cha mwongozo, nikachora tena. Mstari haujasogea tangu siku hiyo. Kama kwako pana nafasi hata baada ya kukaza, kuna watu wanaweka kipande chembamba kilichokatwa kwenye kopo la alumini katikati ya beringi na fremu, kinasaidia, ila mimi naona ni dawa ya muda, fremu yenye tundu kubwa kuliko beringi irudi ilikotoka.

Kwa hiyo kanuni ninayoishi nayo: tatizo likiwa gia ya juu peke yake, anza kuangalia fremu ilivyoishika habu. Likiwa gia zote mbili, nenda kwenye krenki, pedali na spoku.

La pili ni gia kutoingia vizuri. Nabonyeza kitufe, nasikia klik, halafu pedali zinazunguka bure robo mzunguko hivi, halafu gia inashika kwa kishindo. Hiyo robo mzunguko ni hatari sana kwa sababu kwenye tairi moja pedali ndizo zinazokushikilia usianguke mbele wala nyuma, zikiachia hata sekunde huna kitu. Nililaumu springi za ndani, kumbe kitufe kilikuwa kimekaa karibu mno na krenki. Kile kitufe kimefungwa kwenye fimbo nyembamba inayopita katikati ya ekseli, na ukikibonyeza kikagonga bolti ya krenki kabla fimbo haijafika mwisho wa safari yake, gia inabaki katikati, haiko huku wala kule. Nilikilegeza, nikakisogeza nje kidogo, nikakaza tena kiskrubu chake. Usikitoe sana vilevile, kikichomoza kifundo kitakigusa bila kukusudia na gia itabadilika ukiwa huna habari. Hicho kiskrubu ni kidogo mno, tumia elenki (ufunguo wa pembe sita) mpya yenye kona kali, iliyochakaa itakila kichwa na hapo utajuta maana bila kukitoa kitufe huwezi kutoa krenki.

Tena usibonyeze huku umekanyaga kwa nguvu zote. Gia zikiwa zimebebeshwa mzigo hazikubali kuachiana. Mimi sasa nabonyeza mguu ule unapopita sehemu ya juu au ya chini, pale nguvu inapopungua yenyewe, na inaingia kila mara.

Haya, la tatu ndilo lililonila muda mwingi zaidi na ndilo ninalotaka mlishike. Ilianza sauti, tak, tak, tak, nikikanyaga tu, nikiinua tairi na kuzungusha kwa mkono kimya. Jioni mbili nzima nilikaa nakaza spoku moja moja, nikanyoosha rimu, nikabadilisha na tyubu, tak tak ipo palepale.

Kwenye baiskeli ya tairi moja ya kawaida sauti ya spoku na sauti ya krenki huwezi kuzitenganisha kwa kuhesabu, kwa sababu mguu na tairi vinazunguka sawasawa. Lakini kwenye gia ya juu haviendi sawa! Mguu ukizunguka mara 2 tairi limezunguka karibu mara 3. Nikabandika utepe mweupe kwenye rimu, nikatafuta sehemu tambarare, nikaendesha polepole kwenye gia ya juu nikisikiliza. Tak ilikuwa inakuja kila mguu wa kulia unaposhuka, mara moja kwa kila mzunguko wa mguu, na utepe ulikuwa kila mara sehemu tofauti. Maana yake spoku hazihusiki, rimu haihusiki, tairi halihusiki. Ingekuwa inafuata utepe ningejua ni mambo ya tairi. Nilifurahi mpaka nikashuka nikakaa kando ya njia, jioni mbili zile zote jibu lilikuwa linanifuata mguuni.

Nikabadilisha pedali kwanza kwa sababu ni rahisi, bado. Nikatoa kitufe, nikatoa krenki ya kulia, bolti yake ilikuwa imelegea na zile njia za ekseli inapoingia krenki zimekauka, zina unga wa kutu. Nikasafisha, nikapaka grisi kidogo sana, nikarudisha na spana ya kupimia nguvu. Kimya. Nikairudia krenki ya kushoto pia ingawa haikulalamika.

Kuhusu pedali nigusie tu, tairi ukilifunga kinyume, kulia kukawa kushoto, pedali zinajifungua zenyewe kadri unavyokanyaga kwa sababu ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Kwenye tairi moja ni rahisi kukosea maana pande zote zinafanana machoni. Angalia herufi kwenye krenki, L ni kushoto, R ni kulia.

Ila baada ya kurudisha krenki tairi likawa zito, ukilizungusha linasimama haraka. Hapa kosa lilikuwa washa (kile kipete cha bapa), niliisahau ile inayokaa kati ya krenki na beringi, krenki ikaingia ndani zaidi ikawa inaisukuma beringi kwa ubavu. Nikairudisha, likawa jepesi tena.

Tatizo moja tu lilikuwa la ndani kweli, mwezi wa 11 tangu niwe nayo. Gia ya juu iliingia lakini haikushuka, hata nibonyeze vipi, vya nje nimekagua vyote na viko sawa. Nilikuwa nimechelewa sana kuongeza grisi, kuna kitundu cha skrubu cha kuingizia grisi kwa sindano na mimi nilikipita miezi kadhaa. Hapo sikufungua, nilitoa habu kwenye spoku nikairudisha kwa waliotengeneza. Kujibu walijibu upesi, waliuliza maswali ya maana, wakataka video ya kitufe kinavyobonyezwa, lakini habu ilikaa kwao wiki 7 na wiki 4 za katikati sikusikia neno, nilikuwa naandika mimi tu. Iliporudi walikuwa wamebadilisha kipande kidogo kinachoingia na kutoka wakati wa kubadili gia, wakanirudishia cha zamani kwenye mfuko, kona zake zimelika unaziona kwa macho. Kazi yenyewe ni nzuri, sina neno. Ule ukimya ndio uliniumiza, mtu akikaa na kitu chako muda wote huo anatakiwa akwambie kimefikia wapi.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, kwa safari ndefu. Ila kama bado unajifunza kupanda bila kushika ukuta usianze na hii, na kama unaruka ngazi na mawe, chukua habu ya kawaida, haina cha kuharibika ndani. Na kuna vitu utavisikia ambavyo sio ubovu, mngurumo mdogo kwenye gia ya juu ni sauti ya gia zenyewe, na kule kuchezacheza kidogo kwa pedali mbele nyuma kabla hazijashika kupo kwenye habu mpya pia. Mimi nilipima kwangu kwenye ncha ya pedali siku ilipotoka kwao nikaandika, napima kila mwezi, ikiongezeka nitajua.

Kwa sasa imepita miezi 5 tangu irudi. Inavuja grisi kidogo upande wa kushoto, nafuta kwa kitambaa kila nikimaliza kuendesha, na ile mistari ya kalamu kwenye fremu bado imenyooka.