Prisoners (2013): Mabinti Wawili Wapotea, Baba Mmoja Apotoka

Filamu nyingi za uhalifu zinazohusu mtoto aliyepotea humkabidhi mtazamaji kwa mpelelezi tangu mwanzo. Prisoners, iliyoongozwa na Denis Villeneuve wa Kanada na kuandikwa na Aaron Guzikowski, ina mpelelezi na ina vidokezo vya kutosha, lakini nguvu yake imo kwa baba, na kwa ajili yake nimeitazama mara mbili ingawa inachukua dakika 153.

Familia mbili jirani, katika kitongoji tulivu cha Pennsylvania, Marekani, zinakula pamoja chakula cha Sikukuu ya Shukrani. Mabinti wao wadogo, Anna na Joy, wanatoka kwenda kutafuta filimbi nyekundu nyumbani kwa kina Anna, mwendo wa dakika chache tu, na hawarudi. Utekaji wenyewe hatuoneshwi. Tunaoneshwa barabara isiyo na watu, miti iliyopukutika majani, na gari kuukuu la safari, lile lenye vitanda ndani, ambalo watoto walikuwa wakilichezea muda mfupi kabla.

Dereva wa gari hilo, Alex Jones (Paul Dano), ni kijana mwenye akili ya mtoto wa miaka 10, na polisi wanalazimika kumwachia kwa kukosa ushahidi. Keller Dover (Hugh Jackman), baba yake Anna, haafiki. Huyu ni seremala mcha Mungu, mtu wa kuweka akiba ya chakula chini ya nyumba akisubiri balaa, na balaa lilipofika halikuwa la aina aliyojiandalia. Anamteka kijana yule na kumfungia katika jengo bovu aliloachiwa na marehemu baba yake. Kipigo kinatisha, lakini kilichonikaa akilini ni kazi ya mikono: Keller anaziba bafu kwa mbao, anazipigilia kwa ustadi uleule anaoutumia kujengea nyumba za watu, na kuacha tundu dogo tu la kumchungulia mateka wake. Tangu hapo nilijikuta nikitamani kijana awe na hatia, ili baba apate udhuru, na tamaa hiyo ilinitia aibu.

Wazazi wa Joy (Viola Davis na Terrence Howard) wanashirikishwa siri hiyo, na mama anafikia uamuzi wa kutomsaidia Keller wala kumzuia. Davis hapewi muda mrefu, lakini uso wake katika tukio hilo unatosha. Siwezi kusema hivyo kuhusu mama yake Anna (Maria Bello), ambaye mwandishi amemlaza kitandani na vidonge karibu filamu nzima, kana kwamba uchungu wa mama hauna cha kusimulia.

Jake Gyllenhaal ndiye mpelelezi Loki, ambaye tunamkuta usiku wa sikukuu akila peke yake katika mkahawa wa Kichina, mtu wa kupepesa macho kila mara kama asiyepata usingizi. Picha za Roger Deakins, zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, zimejaa mvua, ukungu na rangi ya kijivu, hata nyumba zenye joto zikaonekana baridi.

Kasoro kubwa iko katika theluthi ya mwisho, ambapo michoro ya mizingile (njia za kupotezea watu) na masanduku ya nyoka vinarundikwa juu ya kisa ambacho hakikuvihitaji, na sadfa mbili tatu zinamsaidia Loki kuliko akili yake. Watoto wasiitazame, na mwenye kazi asubuhi asiianze saa nne usiku. Kuhusu mwisho nitasema hili tu: kioo kinakuwa cheusi ghafla, na mwenzangu niliyekuwa naye sebuleni aliinuka kwenda kutafuta tochi, akidhani umeme umekatika.