Tathmini ya Pokémon Showdown: Mahali pa Kujifunza Kumpokonya Mpinzani Kifaa Chake

Pokémon Showdown ni programu ya bure inayomwezesha mtu kupambanisha viumbe wa mchezo wa Pokémon na wapinzani wa dunia nzima ndani ya kivinjari, bila kununua mashine ya michezo wala mchezo wenyewe. Ilitengenezwa na mashabiki, si na kampuni inayomiliki Pokémon, na wengi huisifu kwa sababu ni nyepesi na haina gharama. Sifa hizo ni za kweli, lakini hazitoshi kumwambia mtu kama programu hii inamfundisha kupambana vizuri. Kwa hiyo nimeamua kuipima kwa pigo moja tu, Knock Off, ambalo humwangushia mpinzani kifaa alichobeba. Nimelichagua kwa makusudi, kwa kuwa faida yake kubwa mara nyingi haionekani katika zamu linapotumika, bali huja zamu tano au kumi baadaye, na mwalimu wa kweli wa mchezo huu ni yule anayemwezesha mwanafunzi kuona uhusiano kati ya zamu hizo mbili.

Kwa msomaji ambaye hajazoea mashindano haya, kila kiumbe huingia uwanjani akiwa amebeba kifaa kimoja, na kifaa hicho ndicho hubeba nusu ya mpango wa mwenye timu. Leftovers humrudishia kiumbe sehemu moja ya kumi na sita ya uhai wake kila zamu, maana yake ni kwamba katika zamu nane amerudishiwa nusu ya uhai wote bila kufanya kazi yoyote. Choice Scarf humwongezea kasi mara moja na nusu, lakini humfunga atumie pigo lilelile hadi atoke uwanjani. Eviolite humwongezea ulinzi kwa kiasi hichohicho kiumbe ambaye bado hajafikia umbo lake la mwisho, na ndiyo maana Chansey, ambaye ulinzi wake wa asili dhidi ya mapigo ya mwili ni 5 tu, hugeuka kuwa ukuta. Mwangushie kifaa hicho na ukuta unabomoka, na hautajengwa tena katika pambano hilo.

Jambo la kwanza lililonivutia katika Showdown ni kwamba inakuruhusu kucheza kwa kanuni za vizazi vyote vya mchezo, yaani matoleo yake ya nyakati tofauti, kuanzia cha kwanza hadi cha tisa. Kwa mtu anayetaka kulielewa pigo hili, hiyo ni hazina. Knock Off liliingia katika kizazi cha tatu, kwenye Ruby na Sapphire za mwaka 2002, likiwa na nguvu 20 tu. Mchezaji aliyelitumia wakati huo alikuwa anatoa zamu nzima, bila maumivu ya maana kwa adui, ili kununua upungufu wa baadaye. Zilipokuja X na Y za kizazi cha sita mwezi Oktoba 2013, nguvu yake ilipandishwa hadi 65, na ikawekewa nyongeza ya nusu endapo anayepigwa amebeba kifaa kinachoweza kuondolewa, jambo linaloifikisha 97.5. Kila kiumbe na kila pigo lina aina yake, na Knock Off ni la Giza; katika kizazi hichohicho aina ya Chuma ilipoteza ukinzani wake dhidi ya mapigo ya Giza. Aina mpya ya Fairy ilikuja na ukinzani huo, lakini haikutosha kuzuia pigo hili lisitapakae kila mahali.

Nawashauri wanaoanza wafanye zoezi hili: wacheze mapambano kadhaa ya kizazi cha tatu, kisha ya cha sita, wakitumia Knock Off katika yote. Katika cha tatu watajifunza kuuliza swali gumu, yaani kama kumwondolea huyu Leftovers kunastahili zamu nzima. Katika cha sita watagundua kwamba swali hilo karibu limefutwa, kwa sababu pigo linaumiza na kunyang'anya kwa pamoja. Mtu aliyeanzia kwenye kanuni mpya hulitumia pigo hili kwa mazoea, na hajui kwamba bado kuna hesabu ndani yake. Aliyepita kwenye kanuni za zamani huiona hesabu hiyo kila mara.

Katika kizazi cha tisa, yaani Scarlet na Violet, hesabu hiyo imehamia kwenye kifaa kimoja, Heavy-Duty Boots, kilichokuja mwaka 2019 na Sword na Shield. Viatu hivi humlinda aliyevivaa dhidi ya mitego inayowekwa uwanjani kwake. Bila viatu, mawe ya Stealth Rock humwondolea kiumbe wa kawaida sehemu moja ya nane ya uhai kila anapoingia, mwenye udhaifu kwa Mwamba hupoteza robo, na Volcarona, mwenye udhaifu maradufu, hupoteza nusu nzima. Tabaka tatu za Spikes, mtego wa miiba, humwondolea robo kila anayekanyaga ardhi. Kwa hiyo kumvua mtu viatu ni kumwekea kodi mlangoni, na kodi hiyo hulipwa kila anapopita hadi mwisho wa pambano.

Nakumbuka pambano moja lililonifunza hili kuliko maelezo yoyote niliyowahi kusoma. Nilikuwa nimeshaweka Stealth Rock upande wa mpinzani, na Great Tusk wangu alikuwa uwanjani, Dragonite wake alipoingia bila kupoteza chochote. Hapo hapo nilijua kwamba amevaa viatu, kwa sababu bila viatu angepoteza robo ya uhai. Dragonite huyo alikuwa na Multiscale, kipaji kinachopunguza maumivu kwa nusu wakati uhai wake umejaa, kwa hiyo hata pigo la barafu, ambalo kwa kawaida humwumiza mara nne, halikuwa na uhakika wa kummaliza. Nilimpiga Knock Off. Maumivu yalikuwa madogo, na mtu aliyekuwa akitazama angeweza kudhani nimepoteza zamu. Mpinzani akamtoa, akajirudishia nafasi kwa viumbe wengine, na zamu sita baadaye akalazimika kumrudisha. Mawe yakamla robo ya uhai, Multiscale haikuweza kumlinda kwa kuwa uhai wake haukuwa umejaa, na kwa kuwa mpinzani alikuwa ameshatumia kwa kiumbe mwingine Terastal, uwezo wa kubadili aina ya kiumbe mara moja kwa pambano, pigo langu moja la barafu, Ice Spinner, likatosha. Aliyemwua Dragonite yule ni Knock Off ya zamu ile ya mapema, ingawa kumbukumbu ya pambano inataja pigo la barafu.

Na hapa ndipo Showdown inapostahili sifa yake kubwa. Pambano likiisha, unaweza kulihifadhi lote kama rekodi, ukalirudia zamu kwa zamu na kumtumia mwenzako kiungo chake. Wakati pambano linaendelea, ukigusa jina la kiumbe wa mpinzani, programu hukuonyesha kifaa chake kama kimeshajulikana, na kama kimeangushwa hukuandikia kwamba sasa hana kitu na kutaja kilichokuwapo. Hili linaonekana dogo, lakini katika pambano la zamu arobaini, ambamo viumbe sita wa mpinzani wameingia na kutoka mara nyingi, kichwa cha mwanadamu hakiwezi kushika nani ameshavuliwa na nani bado. Kuiachia programu kazi hiyo humpa mchezaji nafasi ya kufikiri.

Wepesi wa kuunda timu nao unahusika moja kwa moja. Kwenye mchezo wa Nintendo Switch, pigo hili lilirudishwa kwa viumbe wengi kupitia nyongeza ya The Teal Mask ya Septemba 2023, kama mashine ya mafunzo, na anayelitaka lazima awe na nyongeza hiyo, aitafute mashine yenyewe, kisha amlee kiumbe wake. Katika Showdown unaandika jina la kiumbe, unachagua mapigo manne, kifaa na kipaji, na dakika tano baadaye uko uwanjani. Nilijaribu timu moja kwa namna nne tofauti jioni moja: kwanza Meowscarada akiwa ndiye mwangushaji, kisha Gliscor, kisha Samurott wa Hisui anayemwaga Spikes kwa Ceaseless Edge, mwishowe wawili kwa pamoja wakiwa na Gholdengo nyuma yao. Timu ya mwisho ndiyo niliyobaki nayo. Gholdengo, akiwa wa aina ya Mzimu, hawezi kuguswa na Rapid Spin, na kipaji chake cha Good as Gold kinakataa Defog inayoelekezwa kwake; hayo mawili ni mapigo ya kufagia mitego, kwa hiyo mitego inabaki ardhini na waliovuliwa viatu wanaendelea kulipa.

Pamoja na sifa hizo, kuna jambo ambalo Showdown haifundishi, nalo ni lini usilitumie pigo hili. Mtu hulipa somo hilo kwa kushindwa. Ukimwangushia Choice Scarf mpinzani aliyejifunga kwenye pigo lisilokudhuru, umemfungulia kamba uliyokuwa ukiitegemea. Ukimpiga Hawlucha mwenye kipaji cha Unburden, kupoteza kifaa humwongezea kasi maradufu, na kama anatumia Acrobatics, pigo hilo nalo hupanda kutoka 55 hadi 110 kwa sababu mikono yake ni mitupu. Terrakion mwenye kipaji cha Justified hupanda nguvu ya kushambulia anapopigwa na pigo lolote la Giza. Gliscor mwenye Poison Heal, kipaji kinachogeuza sumu kuwa tiba, akishatiwa sumu na Toxic Orb yake, hana haja tena na kifaa hicho, na kwa hiyo huingia mbele ya Knock Off kwa utulivu, akijirudishia sehemu moja ya nane ya uhai kila zamu. Anayevaa Rocky Helmet humwumiza kila anayemgusa, na Knock Off ni pigo la kugusa. Kama timu yako mwenyewe ina Poltergeist, kumbuka kwamba pigo hilo hushindwa kabisa dhidi ya asiye na kifaa, kwa hiyo mapigo hayo mawili katika timu moja huharibiana kazi. Nyuma ya Substitute, yaani sanamu ya kujikinga, kifaa hakianguki, na Gastrodon mwenye kipaji cha Sticky Hold hakiachii.

Maelezo mafupi ya pigo ndani ya programu yanakueleza kwamba kifaa kinaondolewa na nguvu inaongezeka, lakini hayawezi kukuonya kuhusu haya yote kwa mpinzani aliye mbele yako. Viko pia vifaa visivyoondolewa: mawe ya Mega kwa wenye nayo, Z-Crystal za kizazi cha saba, vinyago vya Ogerpon, na Booster Energy inapobebwa na viumbe wa Paradox. Dhidi ya hivyo nguvu hubaki 65, na anayepiga akitarajia 97.5 atakosea hesabu ya kuua. Hesabu za maumivu hufanywa kwenye kikokotoo kilicho kwenye ukurasa wake wa pekee, na ningependa sana kikokotoo hicho kiwe mkononi mwa mwanafunzi bila kuacha pambano. Maandishi nayo hayajatafsiriwa kwa Kiswahili, kwa hiyo kijana ambaye Kiingereza chake bado kichanga atahitaji mtu wa kukaa naye kando katika wiki za mwanzo.

Wanaojiandaa kwa mashindano rasmi ya wawili kwa wawili watapata faida ya aina nyingine. Humo hairuhusiwi viumbe wawili wa timu moja kubeba kifaa kinachofanana, na kila upande huleta wanne kati ya sita, hivyo kila kifaa kinachoanguka hakina mbadala. Incineroar ndiye mfano bora: humzuia mmoja kwa Fake Out, hupunguza nguvu za wote wawili kwa Intimidate, na akipata zamu moja ya bure huangusha Safety Goggles, miwani inayokinga dhidi ya unga wa usingizi, za yule ambaye mwenzake Amoonguss alikuwa hawezi kumlaza. Zamu inayofuata Spore, pigo la kulaza, inampata. Sioni sehemu nyingine ambamo mtu anaweza kulirudia zoezi hilo mara ishirini kwa siku dhidi ya wapinzani wa kweli bila kutoa hata shilingi.

Mapigo mengine ya kunyang'anya yapo, na nimeyajaribu yote humo. Thief huiba tu kama mwizi mwenyewe hana kifaa, na hilo ni sharti zito katika mashindano. Trick, linalobadilishana vifaa, lina nguvu kubwa mikononi mwa anayejua kumpa ukuta Choice Scarf na kuufunga kwenye pigo moja, lakini Gholdengo analikataa, ilhali Knock Off linampiga kwa udhaifu wake. Corrosive Gas huwaondolea vifaa wote waliokuzunguka, mwenzako akiwamo, kwa hiyo nililitumia mara mbili tu.

Kwa anayeanza leo, ningemwambia afungue uwanja wa kizazi cha tisa, aweke Great Tusk au Gliscor mwenye Knock Off katika timu, na baada ya kila pambano alilopoteza arudie rekodi akijiuliza ni kifaa gani cha mpinzani kilimshinda, na ni katika zamu ipi angeweza kukiangusha. Ngazi ya kuwapanga wachezaji huanzia alama 1000, na kwa njia hiyo mimi nilianza kupanda baada ya majuma matatu ya kuzunguka palepale.