Gesti ya mlimani Mwanza: siku nne bila maji, na neno "tulia"

Wiki chache zilizopita nilifika Mwanza kutoka Kisumu kwa kazi ya miezi sita. Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi katika viwanda vya samaki: kompresa, pampu, feni na umeme wake. Naitaja kazi yangu mapema kwa sababu ndiyo iliyonipandisha hasira.

Safari yenyewe haikuwa na neno. Mchana tulivuka Isebania, tukagongewa mihuri upande wa Sirari, nikabadilisha shilingi zetu na kupewa bunda la noti. Kisha Tarime, Bunda, Lamadi, Magu, hadi stendi ya Nyamhongolo giza limeshaingia. Nilichokuwa nakitaka ni kuoga na kulala.

Chumba nilishakilipia mwezi mzima kwa simu kabla sijatoka nyumbani. Kisafi, shuka zinanukia sabuni, dirishani unaliona ziwa. Nikafungua bomba la bafuni. Likakohoa mara mbili, likatema maji ya kutu kidogo, likanyamaza.

"Pole dada, pampu imekufa," akaniambia binti wa mapokezi. "Fundi anakuja kesho." Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa mtondo. Nyumba iko juu kwenye miamba, na bila pampu maji hayafiki kwenye matangi ya juu. Hilo nalielewa. Lakini Kenya tuna kama asilimia 6 tu ya ziwa hili, Tanzania ina karibu nusu yake, na mimi nikawa naoga kwa kopo huku nikilitazama dirishani!

Asubuhi ya pili nikaisikia pampu yenyewe nyuma ya jiko. Mlinzi aliwasha swichi, mota ikavuma kama nyuki ndani ya mtungi, shafti haizunguki, sekunde chache umeme ukajikata. Fundi akisikia mvumo ule, cha kwanza anatazama kapasita, kile kifaa kinachoisukuma mota ianze kuzunguka. Nikainama nikaitazama: imevimba tumbo, imepasuka ubavuni, mafuta yamechuruzika na kukauka juu ya mota. Kifaa kinachoenea kiganjani, na bei yake haifiki nilicholipa kwa usiku mmoja.

Nikamfuata meneja. Nikamsalimia vizuri, nikamwambia, "Naomba niinunue mjini niifunge mwenyewe. Hela mtanirudishia baadaye." Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Dada, wewe ni mgeni hapa. Tulia. Pampu ina wanaume wake."

Nilikosa la kumjibu. Miaka yangu yote kazini nimefungua mota kubwa kuliko kitanda. Na aliyasema hayo mbele ya mlinzi na binti wa mapokezi, nao wakainamisha macho.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wengine wote Mwanza wamenipokea kwa heshima. Kwetu ukiingia hotelini unasema "nipe chai" na hakuna anayeona ubaya. Hapa wanasema "naomba", na ukishalipa unaambiwa "karibu tena". Kiwandani wenzangu walikaa nami wakanifundisha majina: mbuta wetu kwao ni sangara, ngege ni sato, omena ni dagaa. Samaki wale wale, ziwa lile lile. Mpishi wa hiyo hiyo gesti anakaanga sato nje mkavu, ndani laini, na hapo sitamnyima haki yake. Kwa sato yule peke yake ningeweza kuwasamehe bomba.

Halafu kuna mama wa usafi. Mtu wa umri wa mama yangu, kila alfajiri anapanda ngazi za mawe na ndoo kichwani. Nikimwambia shikamoo, anaitikia, "Marahaba mwanangu, pole na maji." Pole anaitoa yeye, asiyehusika na kosa lolote. Siku ya tatu nilimpokea ndoo katikati ya ngazi, nikaona ngata yake imelowa chapachapa na mkono unamtetemeka. Kwa ajili ya kapasita! Mkoani humu mwaka 2025 lilizinduliwa daraja la kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, na mama mzima anabebeshwa ndoo mlimani kwa sababu meneja hataki kuambiwa na mwanamke kilichoharibika.

Siku ya nne fundi akaja. Akafungua, akatoa kapasita, akaweka nyingine. Chai yangu ilikuwa haijapoa maji yakaanza kupanda. Meneja akapita karibu na meza yangu na kusema, "Umeona? Tulikuambia utulie." Jioni nikaletewa bili, na ndani yake nimeandikiwa madumu ya maji yaliyoletwa na bodaboda, siku zote nne. Nimekataa kuyalipa, na nitaendelea kukataa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu: chumba, mpishi, na mama wa usafi ambaye moja ni yake peke yake. Na kweli sasa maji yapo, yana presha nzuri, hata usiku. Mtu wa kulala siku moja au mbili sina sababu ya kumkataza. Lakini nikiikumbuka ile "umeona?" natoa moja, na hiyo ni ya mama. Mwezi ukiisha nahamia Nyegezi.